Sinia Lililoliwa Kweli

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, na mwenye haraka ya kulala aende zake, kwa sababu hadithi hii nitaibeba mpaka mahali fulani tu, na kutoka hapo mzigo ni wenu. Msije mkanishika kesho sokoni, "Sasa ikawaje?" Sijui ikawaje. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Palikuwa na mji ukiitwa Kishangwe, na katika mji huo palikuwa na watu watatu waliojaliwa vipaji.

Wa kwanza alikuwa Bi Mize, mkunga. Kipaji chake kilikuwa sikio. Akilaza sikio juu ya tumbo la mja mzito, hata kama watoto wanalia na majogoo wanawika, husikia kilichomo ndani kimekaaje na kina hali gani. Watu walisema Bi Mize husikia hata mawazo, na waume wengi wa Kishangwe walikuwa wakimpita kwa mbali.

Wa pili alikuwa Faki, mtunza farasi. Kipaji chake kilikuwa miguu yenye subira. Angeweza kutembea tangu asubuhi mpaka jioni kwa mwendo uleule, bila kuharakisha na bila kulalamika. Kila siku, kabla hajanywa chai, alichokoa kwato za farasi, akanusa maji yake ya kunywa, kisha akachutama kuyatazama mavi yake. Vijana walimtania, "Faki, leo mavi yamekwambiaje?" Naye hujibu, "Yamesema tumeamka salama." Na kweli, farasi wake alikuwa akiamka salama.

Wa tatu alikuwa Vuai, msema harusi. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Harusi isiyosemwa na Vuai ilikuwa kama pilau lisilo na bizari. Angeweza kukusifu mpaka ukajitazama upya kwenye kioo. Huyu Vuai mshikeni vizuri, maana hadithi hii ni yake, na kama angekuwapo hapa angeomba nisiisimulie.

Farasi mwenyewe aliitwa Zumaridi, jike wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji. Alikuwa mali ya Bi Kidawa, mjane ambaye Mungu hakumpa mtoto, na mapenzi yote ambayo angempa mtoto alimpa farasi wake. Wakati huo Zumaridi alikuwa na mimba changa, aliyoipata kwa dume la mji wa mbali, na Bi Kidawa alikuwa akiisubiri kama anayesubiri mjukuu. Hapakuwa na farasi mwingine Kishangwe. Kila bwana harusi, awe mwana wa tajiri au mwana wa muuza maandazi, alipelekwa kwa mkewe juu ya mgongo wa Zumaridi.

Sasa sikilizeni mila yao, maana ndiyo iliyoleta balaa. Faki humwongoza farasi mpaka kwenye kichochoro cha kina bibi harusi, akasimama. Hapo baba wa bibi harusi huja kupokea kamba, akamleta mkwewe kwa mkono wake mwenyewe mpaka mlangoni. Mlangoni pamewekwa sinia la farasi: mtama na dengu zilizolowekwa zikakorogwa na sukari guru, mlima mzima. Baba hulinyanyua sinia akamlisha farasi mbele ya watu. Farasi huwa amefunikwa kichwa kwa shela pana ya hariri, ati jicho baya lisimpate, kwa hiyo mdomo wake hauonekani. Huonekana shela tu ikitikisika. Sinia likiisha, baba huligeuza juu chini, na Vuai hupaza sauti: "Limelambwa! Limelambwa jeupe! Nyumba hii haitalala njaa!" Vigelegele hupasua paa. Lakini ikibaki hata punje, basi tena, ndoa hiyo watu wataitazama kwa jicho la pembeni mpaka azaliwe mjukuu.

Na kila mwanamke aliyeolewa Kishangwe alijua kwamba sinia lake lililambwa.

Ikafika zamu ya Vuai kuoza. Binti yake Nunuu, mtoto wake wa pekee, aliposwa na Haroub, mwana wa Bi Asya. Asubuhi ya harusi Vuai alivaa joho la kuazima na kilemba chake mwenyewe, akaenda kusimama kwenye mdomo wa kichochoro. Moyo wake ulikuwa umejaa. Msafara ukafika, Haroub akiwa juu ya Zumaridi, na Faki akasogea kumkabidhi kamba. Alipomkabidhi, alimwinamia sikioni.

"Mzee Vuai, sikiliza upesi. Ndani ya shela kuna mfuko. Mwache farasi aonje kiasi cha kiganja, kisha sinia lote limwage mfukoni. Nafaka nyingi namna ile ni sumu kwake."

Vuai akadhani anataniwa. "Mfuko? Tangu lini?"

"Tangu enzi za babu yangu. Kila baba huambiwa hapa, siku yake. Wote wamelitunza neno hili, na wewe litunze."

"Wote?"

"Wote, mzee wangu. Twende, watu wanatazama."

Jamani, mwoneeni huruma mtu huyu. Miaka yote ya kupiga kelele "Limelambwa!" kwenye milango ya watu, mishipa ya shingo imemtoka, kumbe alikuwa akitangaza mfuko! Aliingia kichochoroni akiongoza farasi, na kila uso wa baba aliyeoza aliuona mpya. Mmoja wao, Mzee Mkadam, alimkonyeza kidogo, kama mtu anayemkaribisha mwenzake chamani. Ukonyezo ule ulimchoma. Kwa hiyo walikuwa wakimsikiliza huku wakicheka kimoyomoyo.

Alipofika mlangoni alikuwa amekwisha kata shauri. Mabinti wa wengine walipewa mfuko. Nunuu wake atapewa baraka ya kweli. Akalinyanyua sinia akaliingiza chini ya shela, na Zumaridi, ambaye maisha yake yote alikuwa akionjeshwa tu na kunyang'anywa, akala. Akala kama mtu aliyesamehewa. Vuai alisikia pumzi yake ya moto kwenye viganja, akasikia meno yakisaga, na hakuondoa sinia mpaka ulimi ulipokwaruza shaba tupu. Akaligeuza juu chini, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa baba na msema harusi kwa pamoja, akapaza sauti mwenyewe: "Limelambwa!" Kwa mara ya kwanza maishani mwake neno hilo lilikuwa kweli, na machozi yalimtoka.

Faki alipokuja kumchukua farasi alipapasa mfuko, akaukuta mtupu. Akamtazama.

"Nimewamwagia kuku nyuma ya nyumba," akasema Vuai. Uwongo ulitoka laini, ulimi wake ulikuwa umezoea kazi.

Farasi akafungwa kivulini pembeni ya uwanja, naye Faki akaenda zake kupumzika. Watu wakala, ngoma ikalia, na jua lilipopinduka Zumaridi akaanza kuparapara ardhi kwa ukwato wa mbele. Alipara, akatulia, akapara tena. Akageuza shingo kuutazama ubavu wake, akaukunja mdomo wa juu meno yakaonekana. Watu walifurahi kupita kiasi. "Farasi anacheza! Farasi anacheka!" Mpiga ngoma akamgeukia yeye, akawa anafuata ukwato wake. Wakamwita Vuai atie maneno, na Vuai, kwa furaha ya siri yake, akatia:

"Tazameni Zumaridi, ngoma yamrusharusha,
Kala kashiba zaidi, furaha yamchezesha!"

Uwanja mzima ukapokea. Waliimba hivyo huku mnyama akitota jasho, na hakuna aliyejiuliza jasho hilo limetoka wapi kivulini.

Bi Mize alikuwa jikoni na wanawake wenzake, mikono imejaa unga. Katikati ya ngoma, nyimbo na masufuria, alisikia mguno. Akatoka mbio, akapita katikati ya wachezaji, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Ngoma ikanyamaza.

"Nyamazeni wote! Huyu hachezi, anaumwa!"

Akalaza sikio ubavuni mwa Zumaridi, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kila mtu akazuia pumzi. Tumbo la farasi mzima, waulizeni wafugaji, halinyamazi. Linanguruma wakati wote kama nyumba ya jirani mwenye wageni. Bi Mize alisikiliza muda mrefu.

"Kimya," akasema. "Upande huu kimya kabisa, na huku kunalia mbali, kama upepo. Ni msokoto wa tumbo. Mtu apande pikipiki akamwite daktari wa mifugo, na Faki aitwe sasa hivi."

Hiyo ndiyo kazi ya sikio. Bila sikio hilo wangeendelea kumpigia ngoma mpaka alale chini, na farasi mwenye tumbo la namna hiyo akilala akaanza kugaagaa, matumbo hujipinda na mambo huisha.

Faki alifika wakati magoti ya Zumaridi yanaanza kukunjika. Hakupiga kelele wala hakumchapa. Alimshika kamba karibu na kidevu, akamwegemeza bega, akamwambia, "Twende, mama. Polepole. Twende." Akamtembeza kuuzunguka uwanja. Kila farasi alipotaka kujiangusha, Faki alikuwapo upande ule anaoangukia, akimsukuma na kumsemesha. Mara mnyama alimkanyaga mguu, ukucha ukang'oka, naye hakubadilisha mwendo. Majoho ya wageni yalimpisha, watoto walimpisha, na yeye hakuwaona.

Hiyo ndiyo kazi ya miguu. Bila miguu hiyo Zumaridi angegaagaa pale pale kwenye vumbi la harusi.

Bi Kidawa aliletwa ameshikwa mikono. Alipoona farasi wake anavyotetemeka alivua mtandio kichwani, mwanamke wa heshima zake, mbele ya wanaume, akalia: "Namuapia Mola wangu! Atakayemponya Zumaridi, mtoto aliye tumboni mwa farasi huyu atakuwa wake! Mmesikia nyote?"

Wote walisikia. Vuai pia alisikia, akiwa amejibanza nyuma ya nguzo ya baraza lake mwenyewe. Kiganja chake kilikuwa bado kinanata sukari guru, na alikuwa akikifuta kwenye joho la watu, akikifuta tena na tena.

Huenda ni upepo tu, alijiambia. Huenda ni jua. Mbona harusi zote... Kisha akakumbuka kwamba harusi zote hazikuwa hivyo. Ndani ya nyumba Nunuu alikuwa ameketi na hina mbichi miguuni, na Bi Asya, mkwe wake mpya, alikuwa ameketi kando yake. Vuai akifungua mdomo, mtoto ataingia kwa wenyewe na jina gani? Aibu ina hila nyingi. Huja imevaa nguo za mapenzi ya baba.

Faki alipopita karibu na nguzo alimwita kwa sauti ya chini bila kusimama. "Mzee Vuai, niambie ukweli. Ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Wallahi?"

"Wallahi," akasema Vuai.

Sasa tazameni mtego ulivyokaa. Bi Mize, kama wanawake wote, aliamini Zumaridi hula sinia zima kila harusi na haumwi. Kwa hiyo sinia halikumjia akilini kabisa. Faki, kwa kiapo alichopewa, aliamini farasi hakula ila kiganja kimoja tangu asubuhi. Basi wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakafikia shauri moja: tumbo tupu limeingia upepo. Na kwa tumbo tupu lenye upepo, Kishangwe walikuwa na dawa yao, uji wa pumba wa moto.

Uji ukapikwa katika sufuria ya harusi. Ulipokuwa tayari Bi Mize aliumimina kwenye bakuli kubwa, akatazama huku na huku, akamwona Vuai.

"Njoo, Bwana Vuai. Mkono wako leo una baraka, umelisha sinia likalambwa. Mpe wewe."

Vuai akasukumwa mbele na mikono ya watu wema. Akajikuta anatembea uwanjani na bakuli, kama asubuhi, watu wamesimama kama asubuhi. Zumaridi alikuwa amesimamishwa, kichwa kimeinama, shela imetolewa. Alipomwona Vuai alinusa kiganja chake, akakitambua, na pamoja na maumivu yake yote akaukunjua mdomo kupokea.

"Taratibu tu," Bi Mize alikuwa akisema nyuma yake. "Kiumbe huyu Mungu hakumjalia kutapika. Kikishaingia hakina njia ya kurudi."

Hapo Vuai alishindwa. Mikono yake iliinama yenyewe, na uji wote ukamwagika mchangani. Watu wakaguna. Mkewe akapiga kelele, "Vuai! Una nini?"

"Msimpe kitu," akasema. Sauti ile ya kupasua paa haikuwapo. Watu wa nyuma walilazimika kuulizana amesema nini. "Tumbo lake si tupu. Amekula sinia zima."

"Si hula zima kila siku?" akauliza Bi Mize.

"Hajawahi."

"Unasemaje?"

"Hajawahi kula, Bi Mize. Hata mara moja. Kuna mfuko ndani ya shela. Sisi kina baba humwaga mfukoni. Mimi leo nimeambiwa nimwage, nikaona mtoto wangu apate la kweli. Nikamlisha mpaka akalamba. Faki akaniuliza nikamwambia uwongo. Akaniuliza tena nikamwapia."

Ngojeni, msicheke kwanza. Mmepata kuona mji mzima umenyamaza? Wanawake waliwageukia waume zao, mmoja mmoja, na waume wakaanza kutazama viatu vyao. Kikongwe mmoja alimwuliza mumewe, "Na langu mimi?" Mumewe akamjibu, "Nyamaza tutaongea nyumbani." Bi Asya alikuwa ametoka hadi mlangoni, na nyuma ya bega lake alisimama Nunuu na hina yake.

"Kwa hiyo sinia la mwanangu..." akaanza Bi Asya.

"La mwanao ndilo pekee lililoliwa kweli, mkwe wangu," akasema Vuai. "Na ndilo linalomuua."

Faki alimtazama. Hakutukana. Alisema tu, "Uliniapia, mzee wangu." Kisha akageuka kwa mnyama.

Hiyo ndiyo kazi ya ulimi. Bila ulimi huo, pumba za moto zingeingia juu ya mtama uliokwisha kuvimba, na tumbo lingepasuka kabla daktari hajavuka daraja.

Mambo yakabadilika papo hapo. Bi Mize akakataza chochote kisipite mdomoni mwa farasi, akawa anasikiliza ubavu na kusema, bado, bado. Faki alijua kwamba nafaka ikizidi tumboni hushuka miguuni, kwato zikawaka moto kwa ndani, na farasi akapona tumbo akafa kilema. Akampeleka kwenye kijito, akamsimamisha katika matope ya baridi mpaka juu ya vifundo, naye akasimama humo humo na ukucha wake uliong'oka. Daktari alipofika alipitisha mpira puani, akayatoa maji machungu yaliyojaa, akaingiza mafuta ya kulainisha tumbo. Kisha akasema hakuna la zaidi ila kungoja.

Alfajiri, walioamka kuswali walisikia vigelegele kutoka kijitoni. Alikuwa Bi Mize. Zumaridi alikuwa amekunya. Bi Kidawa alikuja mbio akayatazama mavi yale akalia kwa furaha, na hakuna aliyemtania Faki tena tangu siku hiyo.

Daktari alipokuwa akifunga mkoba wake, watu walimshukuru. Akatikisa kichwa. "Angekosekana mmoja kati ya hawa watatu, mafuta yangu yangefaa kupikia sambusa tu. Mimi nina ujira wangu, unanitosha." Akapanda pikipiki akaenda zake, na kutuachia fumbo.

Maana mimba ilikaa. Siku zake zilipotimia Zumaridi alizaa jike, mwenye doa jeupe lilelile la mama yake. Bi Kidawa alikuwa ameapa kwa Mola, na mtoto wa farasi hagawanyiki kama muhogo. Atakayempata ndiye atakayeshika kamba ya harusi za Kishangwe, yeye na watoto wake baada yake. Akawaita watu uwanjani, akawasimamisha wale watatu mbele yao, na kamba ya mtoto akaishika mkononi.

Sitawaficha hali ya Vuai. Tangu siku ile hakusema tena harusi. Mila yenyewe ilikuwa imegeuka. Siku hizi sinia hujazwa majani mabichi, shela hakuna, na farasi hula wazi mpaka mwisho. Wangemwita wangempata, lakini hawakumwita. Na hilo aliliona ni haki yake. Lililomkondesha lilikuwa jingine. Nunuu, kwa mkwewe, alipewa jina: Sinia. "Sinia, lete maji." "Sinia amekwenda kisimani." Mumewe alikuwa mwema kwake, lakini jina halina dawa. Vuai alijua kwamba siku Bi Kidawa atakapomkabidhi kamba mbele ya watu, mji utakuwa umetamka kwamba baba yake Nunuu aliponya. Kwa hiyo alimtaka yule mtoto wa farasi. Alimtaka sana, na kumtaka kwake kulimwaibisha kuliko lile sinia.

"Bi Mize," akasema Bi Kidawa, "sema."

"Mimi nilisikia," akasema Bi Mize. "Nilisikia tumbo, lakini sikusikia lililokuwamo. Bakuli lilikuwa langu. Bila huyu kulimwaga, mimi ndiye ningekuwa muuaji, tena kwa nia njema."

"Faki?"

"Mimi nilitembea. Ila mfuko ule niliushona mimi, na kabla yangu babu yangu. Tungewaambia watu tangu mwanzo kwamba nafaka nyingi inaua farasi, Mzee Vuai angedanganyika na nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuliyaficha sisi."

"Na wewe, Vuai?"

"Mimi usinihesabu, dada yangu," akasema Vuai. "Aliyemtia shimoni ni mimi."

Hapo uwanja ukaripuka. Wengine walisema Bi Mize, maana bila yeye wa kwanza, wale wengine wawili wangekuta mzoga. Wengine walisema Faki, maana sikio halikuchoka na ulimi haukung'oka ukucha. Mzee Mkadam, yule wa ukonyezo, akainuka. "Sisi kina baba tulikuwapo pale wote," akasema. "Kila mmoja wetu aliujua mfuko, na kila mmoja aliona farasi anaumwa, na hakuna aliyethubutu hata kumwuliza Vuai mbele ya watu. Wale wawili walitoa walichokuwa nacho kingi. Huyu alitoa kitu kimoja alichobakiwa nacho, heshima yake, na ya mtoto wake juu." Bi Asya akamjibu kutoka upande wa wanawake: "Tukimpa zawadi mchoma nyumba kwa kuwa alipiga ukelele wa moto, kesho kila mtu atawasha." Watu wakaguna kwamba na hilo ni kweli.

Wakati wakigombana, mtoto wa farasi alichoka kusimama. Hajui harusi, hajui kiapo. Alinyoosha shingo mbele, akamnusa Bi Mize, akamnusa Faki, akafika kwa Vuai, akaanza kumlamba kiganja. Kilikuwa kile kile. Vuai alikiacha kidogo tu, kisha akainua macho akamwona Nunuu amesimama nyuma ya mkwewe anamtazama. Akakivuta kiganja taratibu, akakificha mgongoni.

Bi Kidawa bado amesimama na kamba mkononi. Hawezi kuvunja kiapo chake, na hawezi kukaa na mtoto ambaye si wake. Mimi nimefika mwisho wa njia yangu.

Kuna sikio lililosikia, kuna miguu iliyotembea, kuna ulimi uliosema kwa kuchelewa. Wewe uliyekaa hapo na wewe uliyejifanya umelala, kamba hii ingekuwa mkononi mwako, na Nunuu anakutazama, ungemkabidhi nani?